Mazungumzo ya Kandanda Katika Nchi ya Shaba

Barabara itokayo Lubumbashi kwenda Kolwezi ina urefu wa kilomita 300 hivi, na msafiri aipitaye mwishoni mwa kiangazi, wakati nyasi zimekwisha kuungua, vichuguu vipitavyo kimo cha mtu vimesimama wazi katikati ya miti ya miombo, na ligi ya taifa, iitwayo Linafoot, haijapulizwa kipenga cha kwanza, hawezi kuufikia mwisho wake pasipo kuulizwa yeye ni wa timu gani. Nilikwenda huko kwa shughuli nyingine ambayo haina haja ya kuelezwa hapa. Lakini kilichonikaa moyoni, na ambacho naona ni haki yake kiandikwe, ni mazungumzo ya watu wa kule juu ya kandanda katika siku hizo za kungoja, siku ambazo hakuna mechi ya kutazama wala matokeo mapya ya kubishania, na kwa hiyo watu hurejea katika hazina ya kumbukumbu zao wakatoa humo majina, miaka na mabao, wakayapima upya, na kuulizana maswali ambayo asiyejua majibu yake huona haya mbele ya wenziwe.

Gari letu liliondoka Lubumbashi alfajiri, na dereva wake, mtu wa makamo mwenye sauti nzito, alikuwa ametundika kitambaa cha manjano na buluu juu ya kioo cha mbele, rangi za Saint-Éloi Lupopo. Na kwa kuwa abiria walio wengi walikuwa wa TP Mazembe, ambao rangi zao ni nyeusi na nyeupe na jina lao la utani ni Kunguru, ubishi ulianza kabla hatujatoka mjini. Mgeni atokaye Dar es Salaam hudhani kwamba anausikia ubishi wa Simba na Yanga kwa lafudhi nyingine, na kwa sehemu kubwa hakosei, ila ubishi huu una asili yake mahsusi. Klabu zote mbili zilizaliwa mwaka mmoja, 1939. Mazembe iliasisiwa na mapadri wa shirika la Mtakatifu Benedikto, walioipa jina la Saint-Georges. Baada ya miaka ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi ya Kibelgiji, na ilipotwaa ubingwa wa 1966 pasipo kufungwa hata mara moja, ikajiongezea sifa ya Tout Puissant, Mwenye Nguvu Zote, ambayo herufi zake mbili ingali inazibeba. Lupopo ilikuwa timu ya watu wa reli, na mtakatifu ambaye inaitwa kwa jina lake ni msimamizi wa wahunzi na wote wafuao madini, heshima ambayo haiwezi kuwa ndogo katika nchi ambayo babu zao waliyeyusha shaba na kuisubu kwa umbo la msalaba, wakaitumia kwa biashara na mahari, karne nyingi kabla hajaja Mbelgiji wa kwanza.

Dereva, kwa insafu ya kupendeza, alikubali kwamba Mazembe ni kubwa, lakini alitaka ukubwa huo uhesabiwe tangu zama zake halisi, si tangu zama za fedha. Hapo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza, katika gari lililokuwa likiyumba kwa kasi, hadithi ya mwaka 1967 ikisimuliwa kwa utulivu wa mtu asomaye tarikhi. Kombe la klabu bingwa za Afrika lilikuwa bado changa. Englebert walikutana fainali na Asante Kotoko wa Ghana, wakatoka sare ya bao 1-1, wakarudiana na kutoka sare ya 2-2; ikaamuliwa mechi ya tatu ichezwe Kamerun, na siku ilipowadia Kotoko hawakuonekana, kwa sababu habari ya tarehe ya mchezo haikuwafikia kutoka katika chama chao wenyewe. Kombe likaenda Lubumbashi. Mwaka 1968 wakalitwaa tena kwa kuwafunga Étoile Filante wa Togo 5-0 nyumbani, wakavumilia kipigo cha 4-1 ugenini. Mwaka 1969 wakafika fainali ya tatu, wakashindwa na Ismaily wa Misri; na mwaka 1970 fainali ya nne, ambayo walipambanishwa na nani kama si Kotoko wale wale, waliokuja Kongo na kinyongo cha miaka mitatu wakashinda 2-1 na kuondoka na kombe lao.

Fainali nne mfululizo! Vijana waliokuwa kiti cha nyuma, waliozaliwa muda mrefu baada ya hayo yote, waliyajua mabao hayo kama walivyoyajua ya juzi. Na mmoja wao aliongeza jambo ambalo dereva hakulitaja, ya kwamba Englebert ilikuwa klabu ya kwanza barani kulitetea kombe hilo, na kwamba hakuna nyingine iliyoweza kulitetea hadi Enyimba wa Nigeria walipofanya hivyo mwaka 2003 na 2004. Baada ya Enyimba walifuata Al Ahly wa Misri, 2005 na 2006, kisha Mazembe yenyewe, 2009 na 2010. Nimesikia wataalamu wengi wa mpira wakisema katika redio zetu kwa miaka mingi, na si mara nyingi nimesikia takwimu ikitolewa kwa usahihi na mapenzi namna ile.

Likasi ni nusu ya safari kwa hesabu ya uchovu, ingawa si kwa hesabu ya kilomita, kwani iko kilomita 120 tu kutoka Lubumbashi. Mji huu, ulioitwa Jadotville enzi za ukoloni, una mitaa mipana yenye miembe, nyumba za matofali zilizojengwa na kampuni, na mabomba makubwa ya mitambo ambayo mengi yamenyamaza. Na timu yake, Panda B52, ina jina la mtaa wa viwanda, nayo huchezea uwanja wa Kikula. Hatukukaa sana. Lakini pale ndipo niliposhika fikra ambayo ilinifuata hadi mwisho wa safari, nayo ni kwamba katika nchi hii huwezi kuitenga tarikhi ya mpira na tarikhi ya kazi. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwapanga wafanyakazi wake katika makambi, ikawapa nyumba, posho ya unga, hospitali na shule, ikawadhibiti kwa vyote hivyo. Na palipokuwa na kambi palikuwa na kiwanja, na palipokuwa na kiwanja palizaliwa timu. Vivyo hivyo ng'ambo ya mpaka, katika miji ya shaba ya Zambia, ambako Nkana, Mufulira Wanderers na Power Dynamos zilikuzwa na migodi na mitambo yake, na Power Dynamos ikafika kulitwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1991. Mtu akichora ramani ya madini, kisha akaweka juu yake ramani ya klabu, ataona alama zinaangukia mahali pamoja.

Kutoka Likasi kuelekea magharibi malori huzidi. Yanakuja moja nyuma ya jingine, yakiwa na mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, au magunia ya kobalti, yote yakielekea Kasumbalesa na mpaka wa Zambia, na kutoka huko kwenda bandarini, Durban, Beira, au Dar es Salaam kwetu. Fungurume, tulikosimama kula, ni mji uliosimama juu ya moja ya hazina kubwa za shaba na kobalti duniani, na mezani tulipewa bukari ya moto, yaani ugali, sombe, ambayo sisi twaiita kisamvu, na samaki. Mama aliyetupakulia aliposikia ninakotoka hakuniuliza habari za safari wala za nyumbani. Alisema, "Papa, Samatta ni mutoto wetu, tulimulea siye."

Maneno hayo yaliniingia. Mbwana Samatta alitoka Simba ya Dar es Salaam akaenda Lubumbashi mwaka 2011, akiwa kijana ambaye nje ya Tanzania hakuna aliyemjua. Na alipoondoka Januari 2016 kwenda Genk ya Ubelgiji, alikuwa amekwisha kulitwaa kombe la klabu bingwa la 2015, akiwa amefunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, amemaliza mashindano kwa mabao 7, na amechaguliwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani. Sisi twamhesabu kuwa wetu, na alipokuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa mwaka 2020, tulishangilia kana kwamba alikwenda huko moja kwa moja kutoka Mbagala. Yule mama wa Fungurume ana sehemu yake katika furaha ile, na naona ni vema aipate. Wala Samatta hakuwa wa kwanza kuifuata njia hiyo. Katikati ya karne ya 19 alikuja huku Msiri, mtoto wa Unyamwezi, akivutwa na biashara ya shaba na pembe, akajenga dola yake Bunkeya, ambako ni katika jimbo hili hili la Lualaba, na watu wake, Wayeke, wangalipo. Kiswahili ambacho mama yule alinisemesha kilitembea katika misafara ya namna hiyo.

Tulipokuwa tukinawa mikono ndipo lilipozuka swali ambalo nilikuwa nikilitarajia, kwa maana hakuna mtu wa Mazembe asiyelijua na hakuna Mtanzania anayeweza kulikwepa: habari ya mwaka 2011. Simba yetu ilikutana na Mazembe katika klabu bingwa, ikafungwa 3-1 Lubumbashi na 3-2 Dar es Salaam, ikatoka kihalali uwanjani. Kisha ikalalamika kwamba Mazembe imemchezesha Janvier Besala Bokungu kinyume cha kanuni za usajili, na shirikisho la Afrika likakubali, likawaondoa mabingwa waliokuwa wakilifukuzia kombe la tatu mfululizo. Simba ikaitwa Cairo kucheza na Wydad ya Morocco mechi moja ya kuamua, ikafungwa 3-0. "Mulipata faida gani?" aliniuliza abiria mmoja, bila ukali. Nilimjibu kwamba kanuni ni kanuni, na klabu yenye haki ya kulalamika haina lawama ikilalamika. Nami nasimamia jibu hilo hadi leo. Lakini nilimwongezea, kwa kuwa ni kweli, kwamba Bokungu huyo huyo alikuja kuvaa jezi ya Simba miaka mitano baadaye na mashabiki wa Msimbazi wakamshangilia, na hapo kicheko kikubwa kikatupatanisha sote, hata dereva wa Lupopo, ambaye msiba wa Mazembe wa 2011 haukuwa umempa huzuni yoyote.

Tukavuka mto Lualaba, ambao huku ungali mchanga na mwembamba, haujapata ukuu utakaokuwa nao ukiitwa Kongo. Mbele kidogo umezuiliwa kwa bwawa la Nzilo, lililojengwa katika miaka ya 1950 ili mitambo ya shaba ipate umeme. Baada ya daraja, upeo wa macho hubadilika: vilima vilivyochongwa ngazi ngazi, marundo ya vifusi marefu kuliko nyumba, na vumbi jekundu ambalo hukaa juu ya majani ya miti, juu ya mabati na juu ya nyusi za watu.

Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937, nao ni makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu Katanga ya zamani ilipogawanywa mwaka 2015. Dunia huujua mji huu kwa mambo mawili. La kwanza ni vita vya Mei 1978, waasi walipotoka upande wa Angola wakauteka mji, na askari miavuli wa Kifaransa wakashuka kutoka angani. La pili ni kobalti, maana zaidi ya nusu ya kobalti itumikayo duniani hutoka katika nchi hii, na sehemu kubwa yake katika ardhi iuzungukayo mji huu. Katika mtaa wa Kasulo watu walipogundua mwaka 2014 kwamba wamejenga nyumba zao juu ya madini, walichimba ndani ya viambaza vyao wenyewe. Mengi yameandikwa juu ya mashimo hayo na dhiki za wachimbaji, na yote yanastahili kuandikwa. Walakini aliyeyasoma hayo peke yake hatajua kwamba mchimbaji yule, akishatoka shimoni na kunawa uso, aghalabu hutaka kwanza kujua habari za usajili.

Mwenyeji wangu, mzee aliyestaafu Gécamines, alinipokea kwa taadhima ambayo sikuistahili. Aliingia kazini kijana, wakati kampuni hiyo, iliyorithi mali za Union Minière baada ya kutaifishwa mwaka 1967, ilipokuwa ikizalisha shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Akaona mgodi wa Kamoto ukiporomoka mwaka 1990, na uzalishaji ukishuka hadi takriban tani 30,000 mwaka 1994. Mshahara ulikoma, posho ikakoma, shule za kampuni zikafifia. Nilimwuliza alihesabuje miaka ile. Akanijibu kwa mpira: mwaka huu ni ule wa kombe la Washindi, 1980, Mazembe ilipowafunga Africa Sports wa Abidjan, mwaka ule ni wa Lupopo, na kuna miaka mirefu, alisema, ambayo haina kombe, na hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya njaa. Sikupata kusikia tarikhi ya uchumi wa Katanga ikielezwa wazi zaidi.

Jioni alinipeleka kwa kinyozi wa mtaa wake, ambako hukutana watu wa kila rika, na huko ndiko nilikoyasikia maswali yenyewe. Mchezo wao una adabu yake. Aulizaye lazima awe na jibu kamili, pamoja na mwaka. Ajibuye hupewa muda wa kichwa kimoja kunyolewa. Na swali likiwashinda wote, muulizaji hushinda na kusimulia. Nani alifungiwa mwaka mzima asicheze Kombe la Dunia la Klabu la 2010? Trésor Mputu, nahodha, aliyepewa adhabu hiyo na FIFA kwa kumshambulia mwamuzi katika Kombe la Kagame, Kigali, mwezi wa Mei mwaka ule ule. Nani basi walifunga mabao bila yeye? Bedi Mbenza dhidi ya Pachuca ya Mexico. Kisha Kabangu na Kaluyituka dhidi ya Internacional ya Brazil, tarehe 14 Desemba, Abu Dhabi, siku ambayo klabu ya Afrika iliingia kwa mara ya kwanza katika fainali ya dunia, na mlinda mlango Robert Kidiaba akarukaruka kwa makalio nyasini mbele ya ulimwengu mzima. Kwamba Inter Milan ilishinda fainali 3-0, moja ya mabao hayo likiwa la Samuel Eto'o, hilo halikuulizwa na mtu. Lilitajwa haraka, kwa sauti ya chini, kama deni ambalo wote wanalijua.

Swali lililowashinda vijana lilikuwa la mzee wangu. Nani, katika Kombe la Dunia la 1974, alitolewa uwanjani kwa kosa la mwenziwe? Zaire, kama Kongo ilivyoitwa siku zile, ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara kufika huko, nayo ilifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil, na kwa miaka mingi wazungu wameyatumia matokeo hayo kwa kicheko. Katika mechi ya Yugoslavia teke lililompata mwamuzi lilikuwa la Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe. Aliyetolewa kwa kadi nyekundu ni Ndaye Mulamba wa Vita Club, mtu ambaye miezi michache kabla yake alikuwa amefunga mabao 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika huko Misri, idadi ambayo hakuna aliyeifikia tangu hapo katika mashindano mamoja.

Na kwa kuwa Mwepu alitajwa, ilibidi ielezwe na ile habari nyingine yake, ambayo nayo nataka kuisema hapa kwa dhati. Katika mechi ya Brazil, Wabrazili walipojiandaa kupiga mpira wa adhabu, Mwepu alichomoka katika ukuta akaupiga mpira mbali, akapewa kadi ya njano. Na televisheni za Ulaya zimeirudia picha hiyo mara zisizohesabika ili kuonyesha kwamba Mwafrika yule hakujua sheria za mchezo. Mwepu alizijua. Alikuwa bingwa wa Afrika, na mwenyewe alikuja kueleza kwamba alifanya vile kwa ghadhabu, kwa kuwa wachezaji hawakuwa wamelipwa haki yao na wakubwa waliobaki na fedha. Kwa kinyozi yule hakuna aliyecheka. Watu ambao wamewahi kufanya kazi miezi mingi pasipo mshahara walimwelewa Mwepu haraka kuliko mtangazaji yeyote.

Kulikuwa na ubishi mmoja ambao haukuwa wa kumbukumbu, nao ndio uliokuwa mkali zaidi. Kolwezi una timu yake, AS Simba, ambayo mashabiki huwaita wachezaji wake Kamikaze, nayo huchezea uwanja wa Dominique Diur. Lakini moyo wa mji, kwa sehemu iliyo kubwa, uko Lubumbashi. Wazee waliingia Mazembe wakati Katanga ilikuwa moja. Vijana waliingia kwa sababu ya 2010 na 2015. Mwendesha pikipiki mmoja, ambaye hakukosa mechi hata moja ya Simba msimu uliopita, aliwauliza wenziwe kwa uchungu: mtu anawezaje kuzaliwa Manika, humu humu Kolwezi, kunywa maji ya Manika, akashangilia timu ya jimbo jingine inapokuja kuwafunga watoto wa mama yake? Akajibiwa kwamba Mazembe si ya jimbo. Ni ya wote waliochimba.

Nimelifikiri jibu hilo sana, na ingawa lina uzuri wake, naona mwendesha pikipiki alikuwa na haki zaidi. Mazembe ina uwanja wake wa Kamalondo, uliofunguliwa 2011, ina mwenye mali aliyeiongoza tangu 1997, Moïse Katumbi, na ina mashabiki wake maarufu waitwao Cent pour Cent ambao hawachoki kuimba; haitakufa kwa kukosa mapenzi ya Kolwezi. Simba haina mwingine. Mji ambao kila siku hutazama mali yake ikipakiwa na kuondoka kwa barabara ile niliyoijia mimi, ungefanya vema kuyabakisha nyumbani mapenzi yake ya Jumapili, walau nusu yake. Nilisema hivyo pale pale, na kinyozi, Kunguru wa kufa na kupona, alinyamaza akitia mafuta mashine yake. Kisha akasema kwamba mwaka huu atakwenda Dominique Diur, ila isiwe siku ya Mazembe.

Usiku uliofuata tulipanga kikosi. Sharti lilikuwa moja: awe mtu aliyevaa jezi ya klabu yoyote ya nchi ya shaba, awe mwenyeji au mgeni. Golini ubishi ulichukua karibu saa nzima, Kidiaba dhidi ya Kazadi Mwamba, na Kazadi akashinda kwa kura ya wazee, kwa hoja kwamba ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa Kombe la Mataifa la 1968, heshima ambayo walinda mlango hawaipati kwa urahisi. Bwanga Tshimen, beki aliyekuwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 1973, alipita bila kupingwa. Mwepu akapita kwa makofi. Joël Kimwaki naye akapita. Kwa viungo akawekwa Rainford Kalaba, Mzambia, na Mputu mbele yake. Dereva wa Lupopo, ambaye alilala Kolwezi usiku ule na kunifuata pale, alidai mtu wa manjano na buluu, akapewa nafasi ya beki wa kulia ili amani idumu.

Ikabaki namba tisa. Vijana wote wa Kolwezi, kwa sauti moja, walimtaka Samatta, nao walinigeukia wakiwa na hakika na kura yangu. Mimi nilimpigia Pierre Kalala Mukendi. Bao lake la Addis Ababa mwaka 1968, ambalo liliwafunga Ghana 1-0 katika fainali, liliipa nchi hii kombe lake la kwanza la Afrika, na ni yeye aliyekuwa akifunga katika zile fainali za Englebert ambazo dereva alinisimulia njiani. Samatta nampenda kama mtoto wa nyumbani, lakini wajenzi wa nyumba huja kabla ya wapangaji. Vijana walipiga kelele kwamba nimemsaliti ndugu yangu. Mzee aliinua mkono wake kunikubali. Kinyozi, aliyekuwa akiandika majina kwa chaki ubaoni, akafuta mstari mmoja na kuamua kwamba timu icheze na washambuliaji wawili, na papo hapo ukaanza ubishi mpya wa nani atolewe katikati.